Kuchagua Skana ya Nyumbani au ya Ofisini kwa Kuanzia na Karatasi Ulizonazo

Kabla ya kuulizia bei ya skana yoyote, toa karatasi unazokusudia kuziskani, zitandaze mezani na uzigawe katika mafungu. Wanunuzi wengi huanza na mashine: husoma tarakimu zilizochapwa kwenye boksi, hulinganisha bei, kisha hugundua wakiwa nyumbani kwamba walichonunua hakiwezi kupokea daftari lililojalidiwa, au kwamba kinawalazimu kufunua na kufunika kioo kutwa nzima. Mji wa Tanga una bandari, ofisi za mawakili, vyama vya wakulima wa mkonge na familia zilizotunza barua za vizazi kadhaa, na karatasi za hao wote hazifanani hata kidogo.

Fungu la kwanza huwa ni karatasi huru za A4 zilizo imara, kama vile ankara, hati za shehena na fomu za forodha ambazo wakala wa kugomboa mizigo bandarini hushughulika nazo kila siku ya kazi. Fungu la pili ni vitu vilivyofungwa pamoja: daftari kubwa la wanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kule Korogwe au Muheza, vitabu vya risiti, pasipoti, majalada ya kesi. Fungu la tatu ni vitu dhaifu visivyo na mbadala, na hapa pwani vitu hivyo ni vingi kuliko tunavyodhani: barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hati za viwanja za enzi za ukoloni, picha za studio za nyeusi na nyeupe zilizoanza kupauka. Likadirie kila fungu kwa idadi ya kurasa, ukitenganisha kurasa zilizorundikana tangu zamani na zile zinazoingia kila wiki, kwa kuwa rundo la zamani linaweza kumalizwa mara moja kwa mashine ya kuazima au kwa kumlipa mtu, ilhali mashine unayoinunua itaishi na karatasi za kila wiki.

Si kila mtu anahitaji skana

Mwombaji wa kazi anayepakia vyeti vyake kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, au mwanafunzi anayetakiwa kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, anaweza kumaliza shughuli yake kwa simu. Programu ya Google Drive kwenye simu za Android, na ile ya Notes kwenye iPhone, zote zina sehemu ya kuskani ambayo hutambua kingo za karatasi, huinyoosha na kuitoa kama faili la PDF. Weka karatasi karibu na dirisha lenye mwanga wa mchana, simama upande ambao kivuli chako hakiiangukii, na ushike simu ikiwa sambamba na meza. Simu hata hivyo haifai kwa kitu ambacho vipimo vyake vina maana, kama ramani ya kiwanja, kwa sababu kamera huitazama karatasi kutoka nukta moja ya juu, na programu inapoinyoosha picha huvuta pembe moja kuliko nyingine.

Steshenari nazo zipo za kutosha Ngamiani na katikati ya mji, na kwa karatasi chache kwa mwaka hakuna sababu ya kununua mashine. Jambo la kulisimamia ni moja: baada ya kutumiwa faili lako, mwombe mhudumu alifute kwenye kompyuta ya duka mbele yako, pamoja na kwenye pipa la taka la kompyuta hiyo. Nakala ya kitambulisho cha NIDA au hati ya nyumba haipaswi kubaki kwenye mashine ambayo kila mteja anaweza kuikalia.

Skana ya kioo

Kwa fungu la pili na la tatu, skana ya kioo ndiyo chaguo la kwanza. Karatasi hulazwa kifudifudi, haisogezwi wala haikunjwi, na taa ndiyo inayotembea chini yake. Ndani ya skana hizi kuna aina mbili za vihisio, na tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti yoyote iliyoandikwa kwa herufi nene kwenye boksi.

Aina ya CIS ina mstari wa vihisio uliokaribia kugusa kioo, wenye upana sawa na wa ukurasa, unaomulikwa na taa za LED. Skana zake ni nyembamba, nyepesi, na nyingi huendeshwa kwa umeme unaopita kwenye waya uleule wa USB, kwa hiyo hufanya kazi hata umeme unapokatika, almradi kompyuta mpakato ina chaji. Canon LiDE 300 na Epson Perfection V39 ni za aina hii. Kasoro yake ni kwamba huona vizuri tu kitu kilichogusa kioo. Kitabu kinene kikifunuliwa, sehemu ya katikati iliyo karibu na mshono huinuka milimita chache, na maneno ya hapo hutoka yakiwa na ukungu na kiza.

Aina ya CCD hutumia vioo na lenzi kuipeleka taswira kwenye kihisio kidogo, kwa hiyo huona hata kilichoinuka kidogo. Ni nzito zaidi, ni ghali zaidi, na huhitaji adapta yake ya umeme. Epson Perfection V600 ni mfano unaojulikana, na ina taa kwenye kifuniko kwa ajili ya kuskani nega za picha. Mwenye madaftari ya chama, vitabu vilivyojalidiwa au karatasi za kale zilizojikunja na hazipaswi kugandamizwa, kwa maoni yangu anapaswa kudunduliza fedha hadi aipate CCD, hata ikiwa imetumika, kuliko kununua CIS mpya na kuumiza migongo ya vitabu kwa kuvikandamiza. Ukinunua iliyotumika, tazama chini au ubavuni kama ina kufuli la kuzuia taa isitembee wakati wa safari. Kufuli hilo hufunguliwa kabla ya kuwasha na hufungwa kila mashine inapohamishwa, na skana nyingi nzima hudhaniwa mbovu kwa sababu tu halikufunguliwa.

Kama vitabu ni vingi sana, zipo pia skana zinazosimama juu ya meza na kupiga picha kutoka juu. Ni za haraka, ila ukali wa maandishi yake haufikii wa kioo kizuri, na huharibiwa na mwanga wa taa ya chumba.

Skana ya kuvuta karatasi

Sasa turudi kwa wakala wa bandarini. Tuseme ofisi ina kurasa 10,000 zilizorundikana makabatini. Kwa skana ya kioo, kuweka karatasi, kusubiri na kuitoa huchukua karibu nusu dakika, yaani zaidi ya saa 80 za kusimama. Skana inayovuta karatasi yenyewe, kwa kasi ya kurasa 30 kwa dakika, humaliza kazi hiyohiyo kwa takriban saa 6 za mashine kufanya kazi. Kinachochelewesha huwa ni kung'oa pini za steplaa na kunyoosha mikunjo, na mtu anapaswa kupangwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo.

Ukiwa dukani, usiulize kasi peke yake. Uliza kama mashine huskani pande mbili za karatasi kwa mpito mmoja, kwa sababu zipo ambazo huivuta karatasi, huigeuza na kuivuta tena, na hizo hupoteza muda na kukwamisha karatasi laini. Uliza trei inabeba karatasi ngapi. Uliza idadi ya kurasa ambazo mtengenezaji anapendekeza kwa siku, kisha chagua mashine ambayo kipimo chake kinazidi mahitaji yako kwa mbali. Uliza, hasa, kama ina kihisio cha mawimbi ya sauti cha kugundua karatasi mbili zilizoshikamana. Katika miezi ya masika karatasi zetu hunyonya unyevu na kugandana. Mashine isiyo na kihisio hicho huvuta mbili kama moja, na ukurasa uliofichwa hautajulikana kuwa haupo hadi siku unapohitajika mbele ya ofisa wa forodha au ya hakimu.

Pini moja ya steplaa iliyosahauliwa hukwaruza kioo chembamba kilichomo ndani ya mashine hizi, na kuanzia hapo kila ukurasa hutoka na mstari wa wima. Mstari wa namna hiyo ukitokea, usikate tamaa kwanza: mara nyingi ni chembe ya vumbi au ya wino wa kusahihishia iliyoganda kwenye kioo hicho, na hutoka kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo. Kamwe usipitishe humo picha ya zamani, barua ya babu au cheti ambacho hakitolewi mara ya pili.

Mashine zinazochapa, kudurufu na kuskani kwa pamoja huokoa nafasi, na kwa nyumba yenye wanafunzi zinatosha. Angalia tu jambo moja kabla ya kulipa. Baadhi ya printa za wino hukataa hata kuskani wino unapokwisha, ingawa kuskani hakuhitaji wino. Suala hilo lilifikishwa mahakamani nchini Marekani mwaka 2021. Mwombe muuzaji atoe katriji moja, kisha askani mbele yako.

Nukta kwa inchi

Tarakimu inayotangazwa zaidi ni nukta kwa inchi, ambayo kwenye boksi huandikwa dpi, na ndiyo tarakimu inayopotosha zaidi. Boksi likitaja namba mbili, ya kuaminiwa ni ile ya uwezo halisi wa lenzi na kihisio. Ile kubwa mno, kama 19,200, hupatikana kwa programu kubuni nukta za kujaza katikati ya nukta zilizoonekana, na haiongezi herufi hata moja inayosomeka.

Kwa maandishi ya kawaida, nukta 300 zinatosha. Ukurasa wa A4 kwa kiwango hicho una pikseli 2,480 kwa 3,508, na kwa rangi kamili ni megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Ukipandisha hadi 600, upana na urefu vyote huongezeka mara mbili, kwa hiyo faili huwa kubwa mara nne na kufikia megabaiti 104, na kasi ya kuskani hushuka. Mifumo mingi ya maombi ya mtandaoni huweka kikomo cha ukubwa wa faili, na anayeskani cheti kwa 600 atajikuta analibana faili hadi lipoteze alichokipata. Nukta 600 zinastahili picha ndogo: picha ya sentimita 9 kwa 13 ikiskaniwa hivyo inaweza kuchapwa ikiwa na upana na urefu mara mbili bila kupoteza ukali. Nega ndiyo pekee inayodai 2,400 au zaidi, kwa kuwa ni ndogo sana.

Kuhusu rangi, ushauri wangu kwa nyaraka za Tanzania ni kuskani kwa rangi kila ukurasa wenye muhuri au saini. Mihuri yetu mingi ni ya buluu au zambarau, na mara nyingi imegongwa juu ya maandishi. Ukiskani kwa nyeusi na nyeupe tupu, programu hulazimika kuamua kila nukta iwe nyeusi au nyeupe, na muhuri uliogongwa kwa wino hafifu hupotea wote au hugeuka doa linalofunika saini. Faili la nyeusi na nyeupe ni dogo, kiasi cha megabaiti moja kabla ya kubanwa, na linafaa kwa taarifa zilizochapwa ambazo hazina uthibitisho wowote.

Faili linavyobanwa

Jambo hili halizungumzwi dukani, nalo ni zito kuliko yote kwa ofisi inayotunza tarakimu. Mwezi Agosti 2013, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zikibadilisha namba ndani ya nyaraka zilizoskaniwa: 6 ikawa 8, na vipimo vya vyumba kwenye mchoro wa nyumba vikawa vingine. Mashine hazikuwa zinasoma vibaya. Njia ya kubana iitwayo JBIG2 hutafuta alama zinazofanana kwenye ukurasa, huhifadhi moja na kuirudia mahali pa nyingine zote, na pale alama zilipokuwa ndogo ilizichukulia 6 na 8 kuwa kitu kimoja. Xerox ilitoa marekebisho ya programu. La kutisha ni kwamba ukurasa ulitoka msafi, bila ukungu, na jicho halikuwa na cha kulishuku.

Kwa hiyo, unapoweka mipangilio ya skana yako, epuka chaguo la PDF ndogo kabisa kwa ankara, mizani ya mkonge, matokeo ya maabara na hesabu za chama. Chagua ubora wa kati au wa juu. Njia ya kawaida ya JPEG inapobana kupita kiasi huleta ukungu unaoonekana, na ukungu unaoonekana angalau humwonya msomaji. Kwa nyaraka za kudumu, tafuta programu inayotoa PDF/A, ambayo ni aina ya PDF iliyowekewa kiwango cha kimataifa mwaka 2005 ili faili liweze kufunguliwa miaka mingi ijayo bila kutegemea fonti za nje. Picha na hati za kale zihifadhiwe kwanza kama TIFF, isiyopoteza kitu, kisha nakala ndogo za kutumiana kwa WhatsApp zitengenezwe kutoka humo.

Programu inayoiongoza skana nayo ichunguzwe. Skana iliyotumika inaweza kuwa nzima kabisa huku programu endeshi yake ikiwa ilikomea kwenye Windows ya zamani, kwa hiyo ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa bado dukani na utafute jina kamili la mashine pamoja na toleo la Windows unalotumia. Kama ofisi ina mfumo wake wa kutunza nyaraka, uliza kama mfumo huo unataka skana inayokubali TWAIN, yaani kiwango cha pamoja kinachoziwezesha programu mbalimbali kuiongoza skana, kwani baadhi ya skana nzuri za mezani, zikiwemo nyingi za jamii ya ScanSnap, zimetengenezwa kufanya kazi kwa programu yake yenyewe.

Kuhusu kuyageuza maandishi ya picha yawe maandishi ya kutafutika, Kiswahili hakina shida kubwa. Tesseract, programu ya bure, ina data ya Kiswahili, nayo ichaguliwe badala ya Kiingereza, kwa sababu ile ya Kiingereza hulazimisha maneno yetu yafanane na yale iliyofunzwa na huchanganyikiwa na alama iliyomo katika ng'ombe na ng'ambo. Barua zilizoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu ni jambo jingine: data ya Kiarabu imefunzwa kwa maandishi ya chapa, hivyo kazi hiyo bado inamhitaji mzee anayezisoma, na skana kazi yake ni kumpa picha anayoweza kuikuza.

Chumvi, unyevu na umeme

Hewa ya Tanga haina huruma na vifaa hivi. Nyumba za Raskazone na ofisi za karibu na bandari hupokea upepo wenye chumvi, na unyevu huotesha ukungu upande wa ndani wa kioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Usiweke skana chini ya dirisha linaloelekea baharini. Ifunike isipotumika, lakini kwa kitambaa cha pamba, kwa sababu mfuko wa nailoni hufungia unyevu ndani. Iwashe angalau mara moja kwa wiki hata kama huna kazi nayo. Karatasi zilizolala kwenye kabati lenye unyevu zipepewe na kuachwa chumbani saa kadhaa kabla ya kuingizwa kwenye mashine ya kuvuta.

Umeme wetu ni wa volti 230, na mashine zilizotumika zinazotoka Marekani huenda zikawa na adapta ya volti 120 pekee. Soma maandishi madogo ya adapta. Skana yenye adapta ichomekwe kwenye UPS (kifaa chenye betri ya akiba) au kifaa cha kudhibiti umeme, kwa sababu umeme unaporudi kwa kishindo ndipo vifaa huungua.

Kwa ofisi inayoskani nyaraka za watu wengine, wajibu hauishii kwenye mashine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Mashine kubwa za ofisini zina diski ndani inayoweza kubakiza picha za kila kilichoskaniwa, kwa hiyo isiuzwe wala kurudishwa kwa mkodishaji kabla diski hiyo haijafutwa.

Siku ya kununua

Nenda dukani na kompyuta yako, pamoja na karatasi tano: ukurasa wenye muhuri hafifu, risiti ndogo, karatasi nyembamba iliyochapwa pande mbili, ukurasa wenye safu za tarakimu ndogo, na kitabu kimoja kinene. Skani zote kwa nukta 300, kisha uzikuze kwenye skrini. Tazama kama muhuri unasomeka, kama kivuli cha maandishi ya nyuma kimejitokeza mbele, na kama maneno ya karibu na mshono wa kitabu yanaonekana. Linganisha safu ya tarakimu, moja baada ya nyingine, na karatasi halisi. Skani pia karatasi nyeupe tupu, kwa kuwa mikwaruzo na ukungu wa ndani ya kioo hujionyesha hapo kuliko popote pengine. Kwa mashine ya kuvuta iliyotumika, fungua programu yake na usome kihesabio cha kurasa, kisha uulize kama rola za akiba, yaani magurudumu ya mpira yanayovuta karatasi, zinapatikana Tanga au zinaagizwa Dar es Salaam, na kwa bei gani, kwa sababu rola ndizo zinazochakaa kwanza na mashine isiyopatiwa rola mpya huanza kukwamisha karatasi ilhali sehemu zake nyingine zote bado ni nzima.